Peku ya Kununua

Mfyuu! Mtazameni anavyotoka stesheni ya Ilford, huku London, utadhani anakanyaga mayai. Sisi tuko kijiweni kwetu hapa Cranbrook Road, nje ya duka la kuku wa kukaanga, tunamhesabia hatua.

Kulikoni? Viatu. Kanunua vile vinavyoitwa viatu vya peku, soli nyembamba kama chapati. Pauni mia na ushee, jamani, ili ajisikie hana viatu! Utotoni alichapwa ili avae viatu vya shule.

Kama angevivaa kwa adabu, tungecheka yakaisha. Lakini siku ileile ya kwanza, Jumamosi asubuhi, huyo Valentines Park, kilomita 5 na umati wa mbio za parkrun. Jumapili vigimbi vimekaza kama mawe, ngazi za kwake anashuka kinyumenyume.

"Mimi nimekulia peku Muheza, bwana. Na Abebe Bikila wa Ethiopia je? Marathoni ya Olimpiki ya Roma 1960 hakukimbia peku akachukua dhahabu?"

Alikimbia. Ila Tokyo 1964 mbona huitaji? Bikila yuleyule alivaa viatu, akashinda tena, na muda wake ukawa mzuri zaidi. Na hiyo peku yako ya kupandia michungwa uliiacha Muheza. Miaka 20 umesimama ghalani na buti la kisigino kilichoinuka, ukano wa nyuma ya mguu umezoea kukaa mfupi. Leo unauweka mguu bapa ghafla, ukano unavutika, na kigimbi kinabebeshwa kazi iliyokuwa ikifanywa na soli.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walitoa matokeo ya wakimbiaji 19 waliohamishwa kidogo kidogo, kwa wiki 10, kwenye viatu vya vidole, vya soli nyembamba kama hivyo vyako. Picha za mashine zikaonyesha kwamba kwa 10 kati yao uvimbe umeongezeka ndani ya mifupa ya miguu. Hao walikwenda kwa ratiba! Wewe ulikwenda kwa ubishi.

Anzia jikoni, kaka, ukisonga ugali. Ukizoea, tembea dakika 10 tu hadi dukani Ilford Lane, kesho yake pumzika, kesho kutwa tena. Ongeza kidogo kila wiki. Kukimbia kuje mwisho kabisa, hata miezi ipite. Kigimbi kikiuma kwa uchovu, hiyo kawaida. Lakini maumivu yakiganda sehemu moja juu ya mguu, ukibonyeza unaruka, vua, kamwone daktari. Na mwenye kisukari ambaye nyayo zimeshakufa ganzi asithubutu kabla hajaongea na daktari wake: atajikata na chupa na wala asijue.

Kwa sasa rudia raba zako za zamani. Ati? Umezitupa?

Mfyuu! Hebu mpisheni akae.