Tumpe Tapeli Heshima Yake

Katika harambee na mazishi ya Ukambani hakuna mtenda jema anayesahauliwa. Atatajwa mchungaji, atatajwa chifu, atatajwa mheshimiwa aliyetuma bahasha pamoja na salamu za kutofika. Lakini kuna mtumishi mmoja wa umma ambaye sijawahi kusikia akiitwa jukwaani, ilhali kuanzia Kyuso hadi Mtito Andei hakuna kijiji ambacho hajakifikia, barabara iwepo isiwepo. Nasema tapeli wa mtandaoni: yule anayekuandikia usiku kwamba akaunti yako ya biashara imeonekana na shughuli za kutiliwa shaka, na kwamba itafungwa baada ya saa 24 usipobonyeza kiungo alichokuwekea. Kwa kuwa wengine wamemnyima sifa, nitamsifu mimi.

Nianze na adabu yake. Tuseme mama mmoja wa Kitui anasuka vyondo vya katani na amechoka kumuuzia mchuuzi wa Nairobi kwa bei ya kutupa. Au kijana wa Makueni ana miembe ya Apple na Kent, naye amechoka kumngoja dalali ambaye haji na lori lake mpaka matunda yaanze kudondoka, kisha anataja bei huku akitazama kando. Wote wawili wanafungua ukurasa Facebook, wanaweka tangazo kwenye tovuti ya Jiji, wanajiunga na makundi ya WhatsApp yenye majina kama Soko Letu na Biashara Bora. Picha zinapigwa na kurudiwa hadi ipatikane moja ambayo hakuna kuku aliyekatiza nyuma. Kisha wanangoja. Anakuja binamu, anaweka kidole gumba. Anakuja mtu asiyejulikana, anaandika "Bei?" na hasikiki tena. Anakuja wa tatu kuuliza kama vyondo vinapatikana, na chini ya picha imeandikwa kwamba vinapatikana. Hatimaye unaingia ujumbe mrefu, wenye nukta na mkato, wenye nembo ya kampuni kubwa, unaoanza kwa "Mteja wetu mpendwa".

Jamani, nani mwingine katika Jamhuri ya Kenya amewahi kumwita muuza maembe mpendwa? Benki inamjua kwa namba. Serikali inamwita mlipa ushuru hata kabla hajauza. Mtandao wenyewe anaouzia una makao makuu huko Menlo Park, California, na siku ukurasa wake ukifungwa kweli atajaza fomu isomwe na mashine, ijibiwe na mashine, na mashine ikishasema hapana hakuna mzee wa kijiji wa kumpelekea malalamiko. Tapeli hana majivuno hayo. Mpigie saa nane usiku, atapokea mlio wa kwanza haujaisha. Atauliza, "Umekwama wapi, mama?" Atakuongoza polepole: bonyeza hapo, haya, sasa andika neno lako la siri, sasa nisomee zile tarakimu sita zilizoingia kwa simu yako. Hamkemei mtu kwa kutojua Kiingereza. Kama anajua Kikamba ataanza na "Wĩ mũseo, mwaitu?", heshima ambayo fomu ya mkopo haijawahi kumpa mtu.

Pia ni mjuzi wa misimu kuliko wengi wanaolipwa kuijua. Anafahamu kwamba maembe ya Makueni yanajaa Desemba na kuendelea, kwamba ndengu za mvua za vuli zinavunwa mwanzoni mwa mwaka, na kwamba Januari shule zinafunguliwa na karo haingoji bei ya ndengu ipande. Basi Januari ndipo anapoleta zabuni: shule kubwa inataka ndengu magunia kadhaa, bei nzuri, malipo ni siku ya kupokea mzigo. Kinachotakiwa ni ada ndogo tu ya kusajiliwa kama msambazaji. Mkulima aliyelala na magunia sebuleni anasoma zabuni hiyo na kuona kwamba nchi imemkumbuka.

Hata hivyo sanaa yake kuu iko katika ununuzi wa mbuzi. Mbuzi wa Galla ametangazwa Mutomo, picha safi, bei imewekwa. Mnunuzi anapiga simu na kukubali bei hiyo hiyo bila kupunguza hata shilingi. (Mtu anayenunua mbuzi Ukambani bila kuvutana bei alipaswa kukamatwa hapo hapo, lakini tuendelee.) Yeye yuko Nairobi, ni mtu wa ofisi, ametuma bodaboda amchukulie. Meseji inaingia: imethibitishwa, umepokea kiasi fulani, jina la mtumaji, msimbo wa herufi kubwa na tarakimu, salio jipya. "Nimeweka na ya kutolea, mama," anasema, na moyo wa mama unayeyuka, maana hata wanawe wa kuwazaa husahau ya kutolea. Bodaboda ananguruma langoni, naye maskini ni mtu wa haki aliyeahidiwa nauli yake mbuzi akifika. Kila mtu ana haraka isipokuwa mbuzi.

Ukiitazama ile meseji kwa utulivu, utaona imetoka kwenye namba ya kawaida, si kwa mtumaji anayejitokeza kwa jina la MPESA. Utaona salio lililoandikwa haliwezi kutokana na lile la jana hata ukijumlisha vipi. Lakini ni nani mwenye utulivu huku pikipiki ikinguruma? Na ukiigundua hila hiyo, kuna ya pili: amekosea, ametuma elfu mbili zaidi, tafadhali mrudishie tofauti kwani mtoto yuko hospitali. Na kuna ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi ya bingwa, kwa sababu hela zenyewe ni za kweli. Anatuma, unaziona, mbuzi anaondoka, kisha mnunuzi anapeleka ile meseji ya malipo kwenye 456, namba iliyowekwa kuwasaidia waliotuma hela kimakosa, na kudai kwamba yeye ni mmoja wao. Dawa ya mgonjwa imegeuzwa chakula cha mwizi. Lazima tumvulie kofia.

Msimwone mtu huyu kama mtoto wa juzi. Kabla ya simu kulikuwa na pata potea kwenye soko, karata tatu na umati wa washangiliaji waliokuwa wote wa kundi moja. Na Wazungu wa karne ya 19 walikuwa na barua ya mfungwa wa Uhispania: tajiri ametiwa gerezani, ana hazina mahali, anaomba hela kidogo za kujikomboa, kisha mtagawana. Mfungwa yule alikuwa wa kubuni. Sisi tumeboresha, maana kwetu simu zimekuwa zikipigwa na wafungwa halisi, hadi jina la gereza la Kamiti likavuma kwa simu zake kuliko kwa kuta zake. Mulot nayo, mji mdogo kwenye mpaka wa Narok na Bomet, imepata kwa wezi wa laini za simu umaarufu ambao miji yenye vyuo vikuu bado inautafuta. Syokimau, nabii wa Wakamba, inasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu wa kutoka baharini na watu wanaobeba moto mifukoni. Wafafanuzi husema nyoka ni reli na moto ni kiberiti. Juu ya reli nakubaliana nao. Juu ya moto wa mfukoni, tangu M-Pesa ianze Machi 2007 nina maoni tofauti.

Tuje kwenye elimu. Wazee wetu walipelekwa ngumbaru wasome, wengi wakatoroka. Tapeli amefanikiwa pale ngumbaru iliposhindwa. Zamani meseji ya hela ilisomwa mahali pamoja tu, kwenye kiasi, na mjukuu ndiye aliyeisoma. Leo susu, yaani nyanya, wa Mbooni anavaa miwani na kuanza na jina la aliyeileta, anashuka hadi kwenye salio, anajumlisha kwa vidole, kisha anapiga *334# kuhakikisha mwenyewe. Amejua kwamba mtu hahitaji namba yake ya siri ili apokee hela. Amejua kwamba Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000, na kwamba sauti tamu inayotoka kwenye namba nyingine yoyote na kujiita huduma kwa wateja ni sauti tamu tu. Amejua kwamba tarakimu sita za WhatsApp ndizo ufunguo wa mlango, na mgeni haulizi ufunguo. Kijana wa maembe naye amejifunza kukagua anwani ya kiungo herufi kwa herufi, kazi ambayo mwalimu wake wa Kiswahili alimwomba kwa miaka minane bila mafanikio. Karo ya shule hii ni kubwa, sikatai, na hukatwa siku ya kwanza bila risiti.

Amerudisha pia mawasiliano katika familia. Mwana aliye Nairobi alikuwa akimpigia mamake Krismasi hadi Krismasi. Sasa mama akipata meseji ya "ile pesa tuma kwa namba hii", anampigia mwanawe kwanza, "Ni wewe?", na baada ya kujua si yeye wanaongea habari za mvua, za ng'ombe na za nani ameolewa. Wala hakubagua wenye simu za bei. Mwenye mulika mwizi isiyojua Facebook ni kitu gani anapata huduma ile ile kwa SMS.

Wapo wanaomchukia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 30, inamtishia mvuvi wa maneno ya siri kwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au jela isiyozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa mwenye bidii, faini hiyo ni ada ya leseni. Na jela? Mpeleke Kamiti na utakuwa umempandisha cheo hadi makao makuu.

Husemwa kwamba kosa lake ni kuiga ofisi. Nitamtetea hapa kwa nguvu zangu zote. Itazame barua ya ofisi ya kweli: haina jina la mtu, ina tarehe ya mwisho, ina tishio, haielezi kosa, na inakutaka utii kwanza uulize baadaye. Kampuni za mikopo ya simu huandika hivyo. Mitandao ya kuuzia huandika hivyo inapofunga ukurasa kweli, na muuzaji aliyeerevuka anaufuta ujumbe wa kweli akidhani ni wa tapeli. Sauti hiyo ya amri ilikuwapo kabla ya tapeli kuzaliwa. Yeye ameiokota tu, akaongeza neno "mpendwa".

Na watu wa huku waliifahamu sauti hiyo zamani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwaagiza Wakamba wa Machakos, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, wapunguze mifugo, na ng'ombe wakaanza kuchukuliwa kwa nguvu na kuuzwa. Hakuna aliyebonyeza kiungo. Maelfu, wanaume kwa wanawake, walitembea hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa, wakisema kwamba jambo hili watalisikia kwa gavana mwenyewe. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu kizuizini, lakini amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu iliachwa. Hawakumjibu mjumbe, walikwenda kwa mwenye neno kwa njia yao wenyewe. Tapeli anaichukia tabia hiyo kuliko polisi, na ndiyo maana anatoa saa 24 tu: anajua kutembea hadi kwa gavana kunachukua muda.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji wa Kalundu, wa Wote, wa Kibwezi, mpe heshima anayostahili. Akikuandikia kwamba akaunti yako inafungwa, usimjibu, usibonyeze. Fungua programu yenyewe kwa mkono wako uone kama kuna onyo lolote, na kama uko Safaricom ile SMS yake ipeleke 333 wakamjue. Na mbuzi asitoke zizini kabla hujapiga *334# ukaliona salio kwa macho yako, hata kama bodaboda ananguruma.