Jogoo wa Mnarani na Popo wa Darini

Juu ya mnara wa kanisa la kijiji kimoja cha Württemberg, kusini mwa Ujerumani, amesimama jogoo wa bati. Makanisa mengi ya huko huwekwa jogoo ili waumini wamkumbuke Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Upepo nao ukamwongezea kibarua cha utabiri wa hali ya hewa. Darini anaishi popo, na kwa mahudhurio ya siku hizi yeye ndiye muumini asiyekosa hata Jumapili moja. Nchi hiyohiyo ya Württemberg ndiyo iliyomtoa mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846. Lakini leo waumini wa makanisa makubwa mawili ya Ujerumani, Wakatoliki na Waprotestanti, hata ukiwajumlisha hawafiki nusu ya wananchi.

"Mzee, unawalilia bure," popo alianza. "Wameondoka kwa ustaarabu kabisa. Mtu anakwenda kwa msajili na kitambulisho chake, anatia sahihi, majimbo mengi wanamtoza ada kidogo, na kodi ya kanisa, ile asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato, haikatwi tena. Karani hamwulizi kwa nini. Mwaka 2022 Wakatoliki peke yao walioondoka walipita 500,000, na hakuna aliyepigwa na radi. Hospitali zinatibu, treni zinachelewa kama zamani, wakimbizi wanapewa blanketi. Mjini Mönchengladbach kanisa moja limekuwa ukumbi wa kukwea kuta. Bielefeld jingine ni mkahawa, na wateja hawaangalii saa kama walivyoiangalia wakati wa mahubiri. Hiyo gharama ya kiroho unayoilia iko wapi? Nionyeshe risiti."

"Umeitafuta kwenye radi na hospitali, ndiyo maana hukuiona," jogoo akajibu. "Sisemi asiyeamini ni mwovu, wapo wasioamini wenye huruma kuliko wazee wa kanisa waliokuwa wakikalia benchi la mbele hapo chini. Lakini anayeondoka huacha msamaha mlangoni na kutoka na hatia yake. Amemdhulumu ndugu yake urithi, na moyo bado unamsuta, kwa sababu dhamiri haifutwi kwa sahihi ya msajili. Ila sasa hana pa kuipeleka. Kumbuka Oktoba 1945, hapo Stuttgart, viongozi wa Kiprotestanti walipokiri hatia yao na ya taifa kwa maovu ya enzi za Wanazi, mbele ya wajumbe wa makanisa ya nje, na Wajerumani wengi wakawakasirikia. Mahakama ya Nuremberg iliweza kunyonga, serikali ikaweza kulipa fidia, na yote hayo yalistahili. Lakini hakimu hana mamlaka ya kumwambia mkosaji ainuke aanze upya, na mhasibu hana."

"Wanasaikolojia wapo. Wanamfundisha mtu kujisamehe."

"Kujisamehe! Hiyo ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mwanasaikolojia mzuri humtoa mtu kwenye mateso ya kosa lisilo lake, na hilo ni jema tupu. Na lile lililo lake kweli? Aliyedhulumiwa ameshakufa, radhi hawezi kuombwa; basi mdaiwa anachukua kalamu anajifutia deni mwenyewe. Moyo wake unajua hana haki hiyo, ndiyo maana inambidi ajifutie tena kesho, na kesho kutwa."

Popo akakunjua bawa. "Haya, tuuzungumze huo msamaha wenu. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi ulioagizwa na maaskofu Wakatoliki wenyewe: watoto 3,677 walidhulumiwa kingono na watumishi 1,670 wa kanisa, kati ya 1946 na 2014. Wangapi kati ya watumishi hao walihamishiwa parokia nyingine, wakaanza upya kama unavyotaka, na watoto wengine? Msamaha ndio uliokuwa pazia."

(Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na anayeipuuza asijisumbue kuhubiri.) Upepo ukabadilika, jogoo akageuka nao; popo akadhani ndilo jibu.

"Waliokimbia hilo siwalaumu," jogoo akasema akiwa amempa kisogo. "Lakini kilichowaficha wale hakikuwa msamaha. Petro alitoka nje akalia kwa uchungu. Wao hawakulia, walipewa barua ya uhamisho. Msamaha usiopitia kwa aliyeumizwa ni njama ya kuua kesi. Na uchungu wangu ni huu: kosa ni la askofu, anayelipa ni aliyeondoka. Ameondoka kwa haki kabisa, na bado usiku akikumbuka makosa yake mwenyewe hana wa kumwungamia. Aliyeumizwa walimwibia utoto, na aliyeondoka wakamwibia pa kutubia."

"Kwa hiyo arudi kwa askofu yuleyule?"

"Kwanza askofu atoke nje akalie."

"Utangoja sana, mzee. Jana amekuja mnunuzi na futi yake, anapima madirisha. Nasikia anataka hoteli. Mimi hanigusi bila kibali, popo tunalindwa na sheria. Kwako wewe anahitaji ngazi tu."