Kamera Haijui Hodi

Tangu juzi alfajiri mama mkwe wangu hajanywa hata glasi ya maji nyumbani kwangu. Yuko Tabata kwa shemeji yangu, na kila nikipiga simu naambiwa amelala. Mama ambaye maisha yake yote ameamka kabla ya jogoo, sasa amelala saa nne asubuhi, amelala saa nane mchana, na saa moja jioni bado amelala. Leo asubuhi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa mke wangu, kundi lenye watu 83, ile video ya sekunde 14 imerushwa tena. Safari hii imewekewa muziki.

Video yenyewe haina mambo mengi. Anaonekana mama mtu mzima, kajitanda kitenge hadi kichwani, kiroba begani, kapu mkononi. Inasikika sauti yake, ya upole, ya mtu aliyelelewa akaleleka: "Hodi. Hodi wenyewe. Ni mimi mama yenu." Halafu inashuka sauti yangu kutoka juu ya ukuta, nzito kama ya hakimu: "Wewe! Nimekuona! Weka hicho kiroba chini, geuka, tokomea!" Kinafuata king'ora. Mama anatua kiroba taratibu, anaweka kapu juu yake ili lisiguse vumbi, anageuka, anatokomea.

Yaani alitii. Angenitukana, leo tungekuwa sare.

Kule kwao mke wangu, mkwe ukikutana naye njiani unapisha, unainamisha kichwa, unaamkia ukiwa umetazama ardhi. Mimi nimetazama ardhi miaka tisa. Viatu vya mama mkwe navijua kuliko ninavyoijua sura yake. Hapo pengine ndipo lilipoanzia tatizo, maana kamera ilinionyesha sura.

Nilijua anakuja Jumamosi mchana. Mke wangu naye alijua hivyo hivyo. Ila mama aliona asisumbue watu, akapanda basi la usiku Ijumaa kutoka Makambako, akashuka stendi ya Mbezi saa kumi alfajiri, akachukua bodaboda. Mimi nilikuwa kitandani Kimara, hatua kumi na mbili kutoka lango langu, simu ikatetema chini ya mto: mtu yupo. Ningeinuka nikachungulie dirishani kama alivyokuwa anafanya marehemu baba yangu, hadithi ingeishia hapo. Lakini mtu aliyenunua kamera tatu ndani ya miezi miwili hachungulii dirishani. Ataieleza nini nafsi yake?

Sasa nikueleze kile kitufe, maana siku mbili hizi sina ninachokiwaza zaidi yake. Kwenye kioo cha simu kuna alama ya kipaza sauti. Ukiibonyeza, unasema, ukiiachia, unasikia. Mawili hayo hayaendi pamoja, kama zile redio za askari. Kamera za bei yangu zimetengenezwa hivyo kwa sababu spika na maikrofoni vimebanana kwenye kidude cha ukubwa wa ngumi, na vikifunguliwa pamoja vinapigiana kelele. Kwa hiyo muda wote kidole changu kilipokuwa kimebana kile kitufe, mama alikuwa anapiga hodi na mimi simsikii. Kamera yenyewe ilimsikia vizuri tu. Ilimrekodi, ikahifadhi, ikaja kunikabidhi baadaye kwa utulivu kabisa.

Halafu kuna kuchelewa. Chumbani wifi yangu haifiki vizuri, kwa hiyo simu ilikuwa inatumia bando. Simu na kamera zikiwa kwenye mitandao miwili tofauti hujaribu kwanza kushikana mikono moja kwa moja. Zikishindwa, picha hupitishwa kwenye seva ya kampuni, na seva hiyo iko ng'ambo. Hebu fikiria safari hiyo. Picha ya lango langu inatoka Kimara, inafika pwani, inazama kwenye mkongo wa baharini (tuliipata mikongo hiyo mwaka 2009 na 2010, SEACOM kisha EASSy, na siku zile tulishangilia sana), inavuka bahari, inapigwa mhuri huko, inarudi njia ile ile mpaka chini ya mto wangu. Hatua kumi na mbili! Nilipima jana kwa kusimama langoni nikijipungia mkono mwenyewe: sekunde nne. Nilipokuwa nasema "nimekuona," nilikuwa namwona mama wa sekunde nne zilizopita. Yule wa sasa hivi alishajitambulisha.

Na sura yenyewe? Usiku kamera hizi humulika kwa mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Chini ya mwanga huo rangi zinafutika. Kitenge cha bluu iliyokolea kinaweza kutoka cheupe kama sanda, kwa sababu rangi nyingi za nguo zinaurudisha mwanga ule, na mboni za macho zinawaka kama za paka barabarani. Nilichokiona kitandani saa kumi na nusu alfajiri ni kiumbe cheupe chenye macho ya taa, kimebeba mzigo, kinasogea. Wewe ungesema shikamoo?

Lakini lililonivutia zaidi, na niseme ukweli linanivutia hata sasa nikiwa kwenye fedheha, ni namna kamera ilivyojua kwamba kuna mtu. Kamera ya betri hailali macho wazi. Ingefanya hivyo chaji isingefika jioni. Inalala fofofo. Kinachokesha ni kidude kidogo chini yake, kama nusu ya yai la kware, ambacho hakioni picha. Kinahisi joto tu. Lile ganda jeupe la plastiki ni lenzi yenye mikunjo mikunjo, na asili ya mikunjo hiyo ni Mfaransa Augustin Fresnel, aliyeibuni miaka ya 1820 kwa ajili ya minara ya taa inayoongoza meli. Lenzi ile huikata sehemu iliyo mbele yake vipande vipande, kama papai. Mwili wenye joto ukitoka kipande hiki kuingia kile, kidude kinashtuka na kuiamsha kamera. Ndiyo maana anayekatiza mbele yake hunaswa haraka, na anayeijia moja kwa moja huchelewa kunaswa. Ndiyo maana pia mchana wa Januari, hewa ya Dar es Salaam ikikaribia joto la ngozi, kidude kinapata shida kutofautisha mtu na hewa. Na kwa kuwa kamera ikiamshwa huchukua sekunde moja mbili kufumbua macho, mara nyingi inawahi wakati mtu ameshapita. Nina maktaba nzima ya migongo. Mgongo wa muuza maziwa, mgongo wa msoma mita, mgongo wa mtoto wa jirani akiwa na maembe yangu.

Mama mkwe yeye alikuja moja kwa moja, kama ajavyo mtu asiye na la kuficha. Kamera ikamwona alipokuwa amefika kabisa, akainua uso, uso ukajaa kioo.

Kuhusu kuchagua. Nilikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikadakwa na winga kabla sijavuka barabara. Winga wa Aggrey hauzi kamera. Anakuuzia wasiwasi, kamera unapewa kama nyongeza. Aliniuliza naishi wapi. Nilipotaja Kimara akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, akanipa pole. "Bosi, unataka inayozunguka au iliyotulia? Ya balbu, ya laini, au ya sola? Zote hazina waya." Nilichukua ya balbu. Nyumbani nikakuta holda zangu ni za pini na balbu ile ni ya kuskrubu. Nikarudi kununua kiunganishi, na niliporudi nacho mke wangu akazima taa ili kubana umeme, kama anavyofanya kila asubuhi tangu tuoane. Kamera ikafa naye akaenda kazini.

Ya pili ilikuwa ya laini ya simu. Nilipofungua boksi, kitu cha kwanza kutoka kilikuwa waya. Mita tatu. "Haina waya" maana yake ni kwamba picha hazipiti kwenye waya. Umeme je, ulidhani utapita wapi? Nilijisikia mjinga, nikafunga kimya kimya, nikaiacha itume picha mfululizo. Fanya hesabu ambayo sikuifanya: megabiti moja kwa sekunde, usiku na mchana, ni GB 10.8 kwa siku. Bando la mwezi liliaga siku ya pili kabla ya chakula cha mchana.

Ya tatu ndiyo hii ya betri na sola. Haina waya kweli. Ina ulimi.

Katikati ya haya niligundua jambo lililonikosesha raha. Mfumo wa kwanza wa kamera za ulinzi wa nyumbani uliosajiliwa kwa hataza ulibuniwa na muuguzi mmoja Mmarekani mweusi wa Queens, New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert, fundi wa vifaa vya elektroniki. Walipeleka maombi mwaka 1966 na hataza ikatoka mwaka 1969. Kamera yao ilipanda na kushuka nyuma ya matundu manne ya mlangoni, ili iweze kumwona mrefu, mfupi na mtoto. Ndani kulikuwa na televisheni, kulikuwa na kuzungumza na aliye nje, na kulikuwa na kitufe cha kuita msaada. Ila kulikuwa pia na kitufe cha kumfungulia mlango. Mama yule aliyekuwa akiogopa wezi alikumbuka kwamba anayesimama mlangoni huenda ni mgeni. Yangu ina kitufe cha king'ora, chekundu, katikati ya kioo, mahali ambapo dole gumba la mtu mwenye usingizi linafikia lenyewe. Cha kusema "karibu" nimekitafuta hadi kwenye mipangilio. Hakipo.

Mikasa mingine niipitie haraka. Buibui alijenga mbele ya lenzi na kwa usiku nne mfululizo niliarifiwa kwamba nyumba imevamiwa na mtu mwenye miguu minane. Mjumbe wa mtaa aliambiwa na ukuta wangu, kwa Kiingereza, kwamba anarekodiwa. Mimi mwenyewe nimenaswa nikiongea na mwembe.

Hapa naomba nisicheke kidogo. Kadi ya kuhifadhia picha niliyouziwa imeandikwa GB 128, na ukweli wake ni GB 8. Wameichezea ndani: simu ikiiuliza ina nafasi kiasi gani, inajibu 128 bila kupepesa, na ikishajaa nane inaandika juu ya yaliyokwisha andikwa. Nikasema basi, nihifadhi kwenye seva yao. Naambiwa nilipe kila mwezi, kwa dola, ili nilitazame lango langu, lililopigwa picha na kamera yangu, kwa nguvu ya jua linaloniunguza mimi. Nywila aliyoniwekea fundi ilikuwa ile ile ya kiwandani, na hakuniambia niibadilishe, ingawa mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na rauta za namna hiyo kote duniani, na mwezi wa Oktoba zikatumika kuwafungia watu Twitter na mitandao mingine mikubwa huko Marekani. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nani alimwuliza mama wa Makambako kama anaridhia uso wake uvuke bahari? Mimi nilibonyeza "nakubali" chini ya maandishi marefu ya Kiingereza ambayo sikuyasoma, na nikakubali kwa niaba yake, ya muuza maziwa na ya watoto wote wa mtaa. Huo si ucheshi. Na shemeji aliipataje video? Nilimpa ruhusa ya kuingia kwenye programu mwenyewe, siku alipokuja kunisaidia kuifunga.

Mke wangu alitoka mbio na khanga moja akamkuta mama kituo cha daladala. Mama hakurudi. Alisema hawezi kurudi mahali ambapo ukuta umemkataa, maana ukuta ukisema hivyo na mwenye nyumba ameshasema. Nimetuma wazee wawili. Wamerudi na jibu kwamba mama ameuliza kitu kimoja tu: maharage yamefika ndani?

Hayakufika. Kamera hii ikisharekodi hupumzika dakika tatu ili kutunza betri. Video ya saa 10:31 inaonyesha kiroba cha maharage kimekaa langoni, kapu juu yake, na jogoo mweupe ametoa kichwa nje ya kapu anaitazama lenzi. Video ya saa 10:35 inaonyesha lango, mke wangu akikimbia, na mgongo wa mtu unaoishia pembeni mwa picha.

Kwa hiyo wewe uliyeuziwa jogoo juzi maeneo ya Kimara, mweupe, ana uzi mwekundu mguu wa kushoto: huyo ni wa mama mkwe wangu. Maharage kula. Jogoo nirudishie, na ukifika langoni usiogope, piga hodi. Kamera nimeishusha.