Karani wa Mfukoni na Safari ya Ulaya

Karani aliye bora, kwa kadiri ya mafunzo niliyopewa na wazee walionitangulia ofisini, ni yule aandikaye kila aliloamriwa wala asizidishe nukta; lakini mintarafu ya karani aandikaye hata yale uliyoyanong'ona peke yako usiku wa manane, kisha akamfunulia daftari mtu yeyote aliyeomba kuazima kalamu, wazee wale hawakuniachia wosia, kwa sababu katika zama zao karani wa namna hiyo alikuwa hajazaliwa. Leo yumo mfukoni mwa kila mtu hapa Kilosa, mjini na ng'ambo ya mto Mkondoa, na jina lake ni kivinjari.

Wangu aliletwa na mpwa wangu akaaye Mikumi, kijana mwenye heshima nyingi na subira chache. Alipokwisha kunitilia kivinjari kipya simuni, nilimwomba kwanza anieleze nasaba yake, maana katika aila yetu hatumkaribishi mgeni ndani kabla ya kumwuliza ukoo. Akanijibu, "Mjomba, wewe bonyeza tu." Jibu hilo halikunikinaisha, kwa hiyo nikamwuliza kivinjari mwenyewe habari za mababu zake, naye akazimimina bila haya.

Babu wa wote alizaliwa mwaka 1990 katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, kwa mikono ya Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee. Na tarehe 30 Aprili 1993 maabara ile ikatangaza kuwa mtandao aliouvinjari babu huyo ni mali ya walimwengu wote, bila malipo, tangazo ambalo kila nikumbukapo bei ya bando hunitia simanzi. Mwaka huohuo wa 1993, wakati sisi wa Kilosa tulipokuwa bado tukingojea barua zije kwa treni, katika reli ileile Wajerumani waliyoifikisha hapa mwaka 1909, vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marc Andreessen na Eric Bina, walitoa Mosaic, ambacho kilionyesha picha na maneno katika ukurasa mmoja, na watu wengi wakaupenda mtandao kwa sababu yake. Andreessen akashiriki kuunda Netscape Navigator mwaka 1994. Microsoft nao wakaleta Internet Explorer mwaka 1995. Fitina ikawaka, hata mwaka 1998 serikali ya Marekani ikawapeleka Microsoft mahakamani. Netscape ilishindwa sokoni, lakini kabla ya kukata roho iliweka hadharani siri za uundaji wake, na katika mabaki hayo ikatoka Firefox ya mwaka 2004, iliyokuwa imekwisha kubatizwa Phoenix, kisha Firebird, ikilazimika kuyaacha majina yote mawili kwa kuwa yalikuwa na wenyewe. Chrome ilikuja mwaka 2008. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022, na sikusikia kwamba kuna aliyeifanyia sherehe ya kuiaga.

Katika ukoo huo wote, nikiambiwa nimchague mmoja wa kumpa kiti cha mbele, sitamchagua tajiri. Nitamchagua Opera Mini, mtoto wa Norway aliyezaliwa mwaka 2005, ambaye hakukuletea ukurasa mzima na mizigo yake, bali aliupeleka kwanza kwenye mitambo ya kwao, akaukandamiza hata ukawa mwepesi, ndipo akakukabidhi. Maelfu ya watu wa vocha ndogo na simu za vitufe waliuona ulimwengu kwa hisani yake, na sidhani kama tulimshukuru ipasavyo.

Zamu ya kuyajua mambo ya ndani ya karani wangu ilifika. Alamisho sizielezi, kwa kuwa mtu huweka alama ukurasani ili asiurudie milele. Vichupo, yaani kurasa zilizofunguliwa zikaachwa wazi, ndivyo vilivyonistaajabisha: mpwa wangu, ambaye hajapata kufunga mlango wala kichupo, alinionyesha simu yake yenye Chrome, ambamo idadi ya vichupo ikipita 99 tarakimu hutoweka, mahali pake pakaja alama ya uso unaocheka. Nimeona makarani waliolia kwa wingi wa kazi. Aliyeangua kicheko akaacha kuhesabu sikuwa nimemwona.

Mjusi naye nilimwona katika simu hiyohiyo, tukiwa ndani ya basi kutoka Morogoro kwenda Mikumi, katika sehemu ile barabara kuu inapoikata Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mtandao ulikatika, na badala ya ukurasa akatokea mjusi mkubwa wa kale, naye mpwa wangu akaanza kumrusha juu ya miiba kwa kidole, ilhali nje ya dirisha twiga hai walikuwa wakila majani na hakuna aliyewatazama. Nikamweleza kwamba mjusi yule wa simuni mifupa yake ilifukuliwa Marekani, na kwamba wetu, aliye mkubwa kumshinda, alifukuliwa na Wajerumani pale Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, akasafirishwa hadi Berlin, naye yuko huko mpaka leo. Kijana akasema, "Kumbe mjusi wetu yuko Ulaya!" Neno hilo, laiti ningalijua, lilikuwa dalili ya yatakayonifika.

Hapana budi mgeni wa wilaya yetu afahamishwe kwamba Ulaya ziko mbili. Moja ina Wazungu. Ya pili ni kata iliyomo wilayani Kilosa, katika njia iendayo Mikumi, nayo ina mahindi, vumbi, na mama mkwe wangu. Mtu wa hapa akisikia kwamba fulani amekwenda Ulaya, huuliza kwanza kama amechukua koti au jembe. Kivinjari hakiulizi. Nilipotaka kujua kama mvua inanyesha Ulaya, ili nipime kama gari litapita, kiliniletea theluji. Nilipotafuta nauli ya Ulaya, kilinipa ndege na bei zilizonifanya niketi chini. Na nilipoandika habari ya kusafirisha magunia kutoka Ulaya, kilinisomea kanuni za forodha. Kadhalika vile vidakuzi, vilivyobuniwa na Lou Montulli wa Netscape mwaka 1994 ili tovuti zimkumbuke mteja, vikanikumbuka kwa juhudi ya kutisha: kila ukurasa nilioufungua, hata wa matangazo ya vifo, ulinishawishi kununua koti la baridi na bima ya safari, ilhali jua la Kilosa lilikuwa likikausha nguo kabla sijamaliza kuzianika.

Basi jirani yangu mwenye duka, mtu mwema aliyehamia kwetu si zamani akitokea Kanda ya Ziwa, aliishiwa bando alasiri moja, akaniomba simu atazame matokeo ya Simba na Yanga. Alipogusa tu mahali pa kuandikia, karani wangu akamwekea mbele yote niliyomwuliza, kwa mpangilio safi. Jirani aliirudisha simu kwa mikono miwili. Jioni akaja tena.

"Mzee, lile deni la sukari na mchele, ingefaa tulimalize kabla hujasafiri."

"Kusafiri wapi?"

"Mzee, sisi ni majirani. Hatufichani."

Nikamhurumia, nikadhani jua limemdhuru. Kumbe hakurudi dukani, bali alizunguka uani kwa mke wangu, akamwamkia, akamwuliza kama ni kweli mzee anakwenda Ulaya. Mke wangu, ambaye hajapata kusema uongo hata pale uongo unapohitajika, akamjibu, "Kweli, Jumamosi. Lakini hakai sana, mama yangu hapendi wakwe wa kukaakaa." Jirani akaondoka akiwa na yakini kwamba nimeoa katika ukoo mzito.

Kabla ya Ijumaa habari ilikuwa imefika Mikumi. Mpwa wangu alipiga simu, akanilaumu kwa kutomuaga, kisha katika pumzi hiyohiyo akanitajia namba ya viatu vyake. Binamu mmoja ambaye undugu wetu huonekana nyakati za mavuno tu alikuja na picha yake ndogo ya pasipoti ndani ya bahasha, akasema niiweke, huwezi kujua. Nikafungua simu nimwonyeshe ushahidi, naye akausoma wote, theluji, ndege na forodha, akanitazama kwa masikitiko kama mtu anayedanganywa na nduguye wa damu.

Mpwa wangu alinishauri nitumie hali fiche. Nikaifungua mbele ya watu: skrini ikageuka nyeusi, ikatokea kofia na miwani, nami nikahesabiwa kuwa si msafiri tu bali ni mtoro. Tena hali fiche yenyewe si pazia zito kama wengi wadhanivyo, maana huzuia kuandikwa katika daftari la simu yako, haizuii tovuti wala kampuni ya mtandao kukuona. Hata Google, wenye Chrome, walishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa ajili ya jambo hilo, na mwaka 2024 wakakubali kuteketeza kumbukumbu walizokuwa wamekusanya. Njia ya kufuta historia ipo, ya saa moja iliyopita au ya tangu kale, nami sikuitumia, kwa kuwa kufuta wakati wa tuhuma ni kukiri. Kosa la karani wangu si uongo. Kila mstari alioandika niliuuliza mimi. Aliloliacha ni sababu ya kuuliza, na binamu yangu aliijaza mwenyewe.

Ulaya nimekwenda na nimerudi, na nilicholeta ni mahindi. Deni la dukani limelipwa. Wenye picha za pasipoti waje wazichukue. Nawe msomaji, siku utakapoazima simu ya mwenzio ili utazame matokeo ya mpira, tazama matokeo ya mpira, umrudishie simu yake.