YAH: Shukrani kwa kucheleweshewa safari

Kwako Meneja wa Kiwanja (jina la kiwanja nalihifadhi, maana bado nitapita hapo),

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, hongera. Ndege ya kuunganisha ilipochelewa bila tangazo lolote, abiria wenzangu walinuna. Mimi nikatoa darubini. Mbuga ya bure kama ile sijaiona. Mwewe walikuwa wakizunguka juu ya maegesho. Yangeyange waliandamana na mashine ya kukata nyasi, wakidonoa panzi waliokurupushwa. Mbayuwayu nao waliingia na kutoka bila kuulizwa pasi ya kusafiria.

Sifa za pekee zimwendee yule korongo marabu aliyesimama juu ya pipa la taka za jikoni. Kipara, mfuko wa shingo unaning'inia, miguu kaipaka kinyesi chake mwenyewe ili kujipoza, katulia kama mwenyekiti wa bodi anayesubiri posho. Pipa halikuwa na mfuniko. Labda mliona mfuniko ungemvunjia heshima.

Ndipo akaja askari wako na kuniarifu kwamba darubini ni tishio la usalama. Nikamwonyesha korongo. Akajibu, "Huyo tumemzoea."

Naomba basi, Mheshimiwa, unieleweshe hesabu zenu za usalama. Mwaka 1988, kule Bahir Dar, Ethiopia, njiwa waliingia kwenye injini za ndege iliyokuwa ikipaa. Watu 35 walikufa. Njiwa tu hao! Januari 2009, mabata bukini wakazima injini zote mbili za Airbus iliyotoka kupaa New York, rubani akaitua kwenye Mto Hudson, na watu wote 155 wakapona. Marabu aliyeshiba anaweza kufika kilo nane, na wa kwenu ameshiba kweli. Darubini iliyoangusha ndege sijapata kuisikia.

Nairobi walau waliwahi kushtuka: mpango wa kuhamishia jalala la Dandora kule Ruai ulipingwa kwa hoja kwamba taka zingevuta ndege karibu na njia ya kutua. Kwenu jalala halina haja ya kuhamishwa, limeshafika.

Kama fungu la mifuniko halipo, tuwekeeni benchi dirishani, mbandue na lile tangazo la benki lililoziba kioo kizima, kisha mtoze kiingilio. Wapenzi wa ndege tutalipa, na kwa mapato ya wiki moja mtanunua mifuniko ya kutosha.

Hili la mwisho nalisema bila utani: fungeni hilo pipa leo, kabla ndege ya jioni haijaruka. Imejaa watu.

Wako mtiifu,
Abiria mwenye darubini

Nakala: Idara ya Jikoni