Heko kwa Waya wa Njano

Washairi wamesifu mwezi, wamesifu karafuu, na hata punda hakukosa wa kumsifu. Waya wa njano wa feni ya kompyuta hakuna aliyeukumbuka, na dhuluma hiyo iishe leo.

Mwekundu huleta volti 12, mweusi huzirudisha, nao huheshimiwa kwa sababu bila wao feni haizunguki. Ukiukata wa njano, feni inaendelea kupuliza kana kwamba hapakuwa na msiba. Wenyewe haupozi kitu wala hauzungushi kitu. Unatoa habari tu, kama jirani wa dirishani, na kama jirani huyo, lazima ujue namna ya kumsikiliza.

Tazama unyenyekevu wake. Ndani ya feni mna kitambuzi kinachotumia jambo aliloligundua Edwin Hall, Mmarekani, mwaka 1879: sumaku ikipita, umeme unajua. Hapo transista inauvuta waya chini hadi sifuri. Kushuka ndiko pekee unakokujua. Kupanda hauwezi, maana hauna volti yake hata chembe. Uchomeke hivihivi kwenye pini ya Arduino, kile kibao kidogo cha kuprogramu, usomewe mizunguko 300 kwa dakika, mara 48,000, kasi ambayo ingeipasua feni vipande. Unangoja kuinuliwa na rezista ya kilo-omu 10 iendayo kwenye volti 5, au na neno INPUT_PULLUP ndani ya programu, linaloiamsha rezista iliyomo kwenye chipu yenyewe. Nyaya za hasi nazo ziunganishwe pamoja, la sivyo hausemi na mtu.

Na una msisitizo! Kila mzunguko unautangaza mara mbili. Mapigo 40 kwa sekunde ni mizunguko 20, yaani 1,200 kwa dakika. Zidisha mapigo kwa 30, basi. Asiyegawa kwa mbili hujigamba kwa feni ambayo hakuinunua.

Heshima yake kwenye Arduino Uno ni ya kifalme. Umetengewa pini ya 2 na ya 3, na kila unaposhuka, chipu yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde huacha shughuli zake ikaongeza moja kwenye hesabu.

Kuna wanaopunguza kasi ya feni ya nyaya tatu kwa kuukatakata umeme wake, kisha wakalalamika kwamba wa njano unaropoka. Kitambuzi kinakula umeme huohuo! Umemnyima mtu posho, halafu unamdai ripoti safi. Feni za nyaya nne zilimaliza ugomvi huo: amri ya kasi hupita kwenye waya wa nne, kwa mapigo 25,000 kwa sekunde, na chakula cha kitambuzi hakiguswi.

Ila hata shujaa wetu ana majina ya kuazima. Kwenye feni nyingi za nyaya nne, wa njano ndio wenye volti 12, na mtoa habari ni wa kijani. Mwenye kuamini rangi ataichoma Arduino yake huku akiimba sifa hizi. Hesabu pini kuanzia ile ya hasi: ya tatu ndiyo yenyewe, kwenye feni za aina zote mbili.

Basi fundi, ukiikwanyua feni kwenye kompyuta kuukuu, usiufyeke waya huo. Siku vumbi litakapoikaba feni, mwekundu utabaki na volti 12 zake kamili, na pini ya tatu peke yake ndiyo itakayokwambia imesimama.