Hereni ya Mille Lacs

Nikigeuza kichwa, kinalia: kacha, kacha. Ndivyo nilivyokaa Jumamosi iliyopita katika chumba cha kusubiria cha kliniki moja kaskazini mwa Minnesota, samaki wa plastiki wa rangi ya chungwa akining'inia kwenye ndewe ya sikio langu la kulia. Tumboni mwake wametia gololi ndogo za chuma, ili samaki walio mbali wasikie na kuja. Waliokuja ni watoto wawili wa mgonjwa mwingine.

Karani alinipa fomu. Palipoulizwa sababu ya kuja nikaandika "uvuvi". Akaitazama fomu, akalitazama sikio, akaniambia kwa adabu kwamba nafasi ipo, naweza kueleza zaidi.

Chanzo ni ruba. Shemeji yangu alinunua kikopo cha ruba hai dukani, ambako wanauzwa ndani ya friji kama maziwa ya mgando, akanisihi nitumie hao. Mimi sikutaka kusikia ndewe wala sikio. Naona sasa kwamba ningesikia ndewe tu ingetosha.

Tulikuwa kwenye Ziwa Mille Lacs tukimtafuta wolai, samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu 1965. Nyuma ya mboni yake kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ndiyo maana ukimmulika kwa tochi macho yake huwaka kama ya paka. Jua likizama, au upepo ukiyatibua maji, vidagaa wanaanza kupapasa gizani na yeye ndiyo kwanza anaona vizuri. Hiyo ndiyo saa yake ya kula. Ukimtegea ruba, kazi yako ni kukaa. Ruba anajikunja mwenyewe, ananuka mwenyewe, na wolai akimkamata unalegeza mshipi kidogo ili amalize kumeza. Hata mtu aliyesinzia anaweza kuvua hivyo. Shemeji alisinzia, akavua wanne.

Chambo bandia ni elimu nyingine kabisa. Chini ya kidevu cha huyo samaki wa plastiki kuna ulimi angavu ulioinama. Ukiuvuta mshipi, maji yanaugonga ulimi na kumzamisha; lakini hayapiti sawasawa, yanamponyoka mara kushoto, mara kulia, basi anakata kiuno kama yuko kwenye ngoma. Ulimi mrefu uliolala mbele humpeleka kilindini. Mfupi uliosimama humwacha karibu na uso wa maji. Wolai ana mstari wa hisi ubavuni, na kwa mstari huo anaupata mtikisiko wa kiuno kile hata kwenye maji machafu. Hebu fikiria: kipande cha plastiki kinacheza, na ngoma inapigwa na maji yenyewe!

Aliyenitia wazimu huu ni Mfini mmoja, Lauri Rapala, mvuvi maskini aliyekuwa akiangalia samaki walavyo. Aliona kwamba mkubwa akilivamia kundi la wadogo, humchagua yule anayekwenda upandeupande. Mwaka 1936 akachonga gamba la koki kwa kisu cha mshona viatu, akalivika karatasi ya kung'aa ya chokoleti, juu yake akapaka negativi za picha alizoziyeyusha. Agosti 1962 jarida la Life likaandika habari za vyambo vyake katika toleo lenye Marilyn Monroe jaladani, kifo chake kikiwa kibichi. Marekani nzima ilimnunua Marilyn, ikarudi nyumbani na samaki wa Mfini.

Haya niliyasoma usiku kucha. Hapo ndipo nilipokosea, kusoma. Mimi nimezaliwa Mwanza, na utotoni nilitega sangara kwa furu hai. Mkono wangu ulijua jambo moja tu: akigusa, mlegezee. Wolai hang'ati, huvuta maji na chambo kwa pamoja, na akikuta plastiki isiyo na ladha huitema kabla hujapepesa jicho. Mara tatu aligusa. Mara tatu nilimlegezea, kwa heshima zote.

Jua la Juni huko linazama kama saa tatu usiku. Saa tatu kasorobo, hasira zimenipanda, nikairudisha fimbo nyuma kwa nguvu zote za Kanda ya Ziwa. Nikasikia kacha karibu sana.

"Umempata!" shemeji akapiga kelele, akiwa bado na usingizi.

Pale kliniki, bibi mmoja aliyekaa mkabala nami, mpole kabisa, aliniuliza kama pambo lile ni la kabila letu. Nikacheka, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Lakini kando yangu alikuwepo bwana mmoja, Mzungu, chambo kama changu kimemganda kidoleni, na hakuna aliyemuuliza kama kwao ndivyo wanavyotoka jandoni. Miaka 11 ninakoroga theluji ileile, ninalipia leseni ileile ya kuvua. Yeye alikuwa mvuvi aliyepata ajali. Mimi nilikuwa utamaduni. Kicheko changu kile bado kinanikera kuliko sikio.

Nesi aliyeniita alikuwa Mkenya, wa Kisumu. Alisoma jina langu kwenye fomu akaanza Kiswahili papo hapo.

"Pole sana, kaka. Na kwenu ni wapi?"

"Mwanza."

"Mwanza ya ziwani?"

"Hiyohiyo."

Akaomba radhi, akatoka nje. Nilimsikia akicheka hadi mwisho wa korido.

Kumbe kutoa ndoano nako kuna ufundi wake. Bwana wa kidole alifanyiwa njia ya uzi: uzi imara unazungushwa kwenye mpindo wa ndoano, shina linabonyezwa lilale juu ya ngozi ili kile kijino kinachotazama nyuma kiachane na nyama, kisha uzi unavutwa ghafla na ndoano inaruka kama panzi. Nikaomba na mimi nifanyiwe hiyohiyo, kwa kuwa ilikuwa nzuri kutazama. Daktari akasema sikio halifai, linapepea. Njia hiyo inataka kiungo kilichotulia. Basi nikachomwa ganzi, ndoano ikasukumwa mbele mpaka ncha ikachomoza upande wa pili, kijino kikakatwa kwa koleo, na shina likarudi lilikoingilia.

Ukutani wana ubao wa vyambo vilivyotolewa kwenye miili ya watu, kila kimoja na kikaratasi cha mji wa mwenyewe. Nesi akashika kalamu. Nikamnong'oneza aandike Nairobi, ambako hakuna ziwa la kuaibishwa.

Akaandika MWANZA, kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini.

Jumapili nilirusha kutoka ukingoni, nikanasa mti. Jumatatu nilifungua pakiti mpya sebuleni, nikanasa zulia la mama mkwe. Jumanne nilikwenda dukani kununua ruba. Wamekwisha.